Jina la Mungu Mbele za Watu: Mayahudi, Sisi, na Mizani Moja

  

Baada ya tarawehe, barazani kwetu Mji wa Kale, huwa kuna kahawa chungu, kashata na maneno. Maneno huanza na mpira, yakapita bei ya sukari, na mwisho aghlabu hufika Palestina. Yakifika hapo kila mtu huwa mwanachuoni. "Mayahudi ni hivi, Mayahudi ni vile." Simlaumu mtu, kwa sababu machungu yapo na wanaouawa ni ndugu zetu. Ila nimetambua kwamba twajua mengi kuhusu wanayoyasema watu juu ya Mayahudi, na machache mno kuhusu wanayoyasema Mayahudi wenyewe juu ya dini yao. Na liko jambo moja katika dini yao ambalo, wallahi, nilipolisoma mara ya kwanza chuoni nilidhani nasoma darasa la madrasa.

Jambo lenyewe ni hili: je, mtu wa dini akifanya jema au baya hadharani, linamfika nani? Linaishia kwake yeye, au linafika kwa Mola wake?

Marabi wa Kiyahudi wana majina mawili ya jambo hili. La kwanza ni kidush ha-Shem, yaani kulitukuza Jina. La pili ni hilul ha-Shem, kulinajisi Jina. Wao kwa adabu hawalitamki jina la Mungu ovyo, basi husema tu "Jina". Aliyesoma Kiarabu atasikia udugu wa lugha hapo hapo: kidush ni mzizi ule ule wa al-Quddus, na shem ni ism. Asili ya mafundisho haya ni Taurati yao, kitabu cha Walawi, mlango wa 22, aya ya 32, ambapo Mungu awaamrisha wasilinajisi Jina lake na kwamba atukuzwe kati yao. Kwa karne nyingi kidush ha-Shem kwao kulimaanisha zaidi mtu kukubali kufa kuliko kuikana imani. Lakini marabi hawakuishia kwenye kufa. Waliuliza pia: na anayeishi, anayeuza na kununua, anayekopa na kulipa, yeye alitukuzaje Jina?

Majibu yao yamo katika Talmudi, ile hazina kubwa ya mijadala ya sheria zao. Katika sehemu iitwayo Yoma waliulizana: hilul ha-Shem ni nini hasa? Mtu angetegemea wataje kufuru au kuabudu sanamu. Mmoja wa wakubwa wao, Rav, aliyekuwa mwalimu huko Babeli (ndiyo Iraq ya leo) katika karne ya tatu, alijitaja yeye mwenyewe. Akasema kwamba kwa mtu kama yeye, kunajisi Jina ni kuchukua nyama buchani asilipe papo hapo. Basi! Deni la nyama. Kwa sababu muuza nyama ataona mwanachuoni mzima kachukua na kwenda zake, naye ataanza kudhani kuwa kuchelewesha haki za watu si kitu mbele ya Mungu. Sasa hebu tujiulize sisi tunaopita Marikiti na Kuze: mangapi ya daftari za madeni madukani yameandikwa majina ya watu wenye kofia za vito na kanzu nyeupe? Ah, tuliache hilo kwa sasa.

Hapo hapo yasemwa kwamba mtu aliyesoma dini, akaongea na watu kwa upole na biashara yake ikawa safi, watu watamsifu baba aliyemlea na mwalimu aliyemsomesha, na watasema hii ndiyo kazi ya elimu. Na aliyesoma lakini biashara yake mbovu na maneno yake makali, watu wataitazama ile elimu yenyewe na kusema afadhali asingesoma. Katika madhambi waliyoyapanga kwa uzito, mengine husameheka kwa toba, mengine kwa toba pamoja na ile siku yao kubwa ya kufunga, mengine mpaka mtu apate na mitihani ya dunia. Kunajisi Jina wakakuweka mwisho kabisa: toba, saumu na mitihani havitoshi kukufuta kabisa mpaka kifo. Ni mafundisho mazito haya. Tena wakaongeza kwamba kumuibia asiyekuwa Myahudi ni kubaya zaidi kuliko kumuibia Myahudi, kwa sababu kwenye wizi wa kwanza Jina la Mungu nalo limeingia matopeni.

Musa bin Maimun, yule tabibu aliyezaliwa Kordoba, akaishi Misri, akahudumu katika baraza ya watawala wa nyumba ya Salahuddin hadi kufa kwake mwaka 1204, naye aliandika haya katika kitabu chake cha sheria. Akaongeza kwamba mwanachuoni asiyewapokea watu kwa uso wa bashasha, mwenye ugomvi na hasira, huyo pia alinajisi Jina hata kama hakula cha mtu. Huyu aliandika vitabu vyake vingi kwa Kiarabu na akaishi karibu umri wake wote kati ya Waislamu. Maneno yake juu ya uso wa bashasha yamekaa karibu sana na yale tuliyofunzwa utotoni, kwamba kutabasamu mbele ya ndugu yako ni sadaka.

PUNDA NA LULU

Kisa ambacho Mayahudi hukitaja zaidi katika mlango huu ni cha Shimon bin Shetah, mwanachuoni aliyeishi Yerusalemu katika karne ya mwisho kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Alikuwa maskini na kazi yake ilikuwa ngumu. Wanafunzi wake wakamuonea huruma, wakamnunulia punda amsaidie. Yule punda walimnunua kwa Mwarabu. Walipomchunguza wakakuta lulu ya thamani imefungwa shingoni mwake. Wakaja mbio kwa mwalimu kwa furaha: sasa umetajirika, huna haja ya kufanya kazi tena! Mwalimu akauliza swali moja tu: mwenye punda alijua? Wakasema hapana. Basi mrudishieni, alinunuliwa punda, haikununuliwa lulu. Wanafunzi wakajaribu kutoa hoja za kisheria, kama wanafunzi wa kila zama, lakini mzee alikataa. Kwake yeye, kusikia kutoka kinywani mwa yule Mwarabu sifa za Mungu wa Mayahudi kulikuwa na thamani kuliko mali yote ya dunia. Lulu iliporudi, Mwarabu akamsifu Mungu wa Shimon.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, kina nduguye kwetu: katika Sahih Bukhari imo hadithi ya mtu aliyenunua shamba akakuta mtungi wa dhahabu, akaurudisha kwa muuzaji akimwambia kanunua ardhi, hakununua dhahabu. Pili, kinywa kilichomtukuza Mungu katika kisa cha Mayahudi ni kinywa cha Mwarabu. Yaani hesabu ya Jina haikufanywa ndani ya sinagogi. Ilifanywa sokoni, na mhasibu alikuwa mtu wa nje.

Na Qur'ani yetu imewatazama Watu wa Kitabu kwa kipimo hicho hicho cha amana. Katika Al-Imran aya ya 75 Mwenyezi Mungu asema kwamba wako miongoni mwao ambao ukimuamini kwa mrundi wa mali atakurudishia, na wako ambao ukimuamini kwa dinari moja hakurudishii mpaka umsimamie kichwani, kwa kuwa wasema hawana lawama juu ya wasiosoma. Aya hiyo tumezoea kuisoma nusu, nusu ya pili. Nusu ya kwanza ni ya akina Shimon, na imetangulizwa. Na mbele kidogo, aya ya 113, Allah (S.W.T.) asema wazi kwamba wao si sawa wote.

Wala asidhani mtu kwamba jambo hili ni la Mayahudi peke yao. Katika Al-An'am aya ya 108 tumekatazwa kuwatukana wanaoabudiwa badala ya Allah, ili wenye kuwaabudu wasije wakamtukana Allah kwa jeuri bila ya kujua. Tazama vizuri: tusi litoke kwao, lakini chanzo kiwe mdomo wetu. Umar (R.A.) alipoomba ruhusa amuue mkuu wa wanafiki, Abdullah bin Ubayy, Mtume (S.A.W.) alikataa kwa sababu watu wangesema Muhammad anawaua masahaba zake. Haki ya kumuadhibu ilikuwepo; kilichozingatiwa ni watakayoyasema walio mbali. Na katika Al-Mumtahana aya ya 5 iko dua ya Nabii Ibrahim (A.S.) ya kuomba wasifanywe kuwa fitna kwa waliokufuru. Moja ya tafsiri zake ni kwamba tusiwe sababu ya watu kuikimbia haki.

MAYAHUDI WA HUKU KWETU

Kisiwa chetu kina misikiti ya kale kama Mandhry na Basheikh, kina msikiti wa Mabohora karibu na bandari ya kale, kina mahekalu ya Mabaniani na makanisa. Sinagogi inayojulikana Kenya iko Nairobi. Hapa Mombasa Mayahudi walikuwa wapita njia zaidi. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwapa viongozi wa Kizayuni wazo la kuwapa Mayahudi ardhi ya Uasin Gishu, na mwanzoni mwa 1905 tume ya watu watatu iliteremka Mombasa kwenda kuikagua. Wanandi na Wamaasai hawakuulizwa. Mkutano wao uliofanyika Basel mwaka huo huo ukalikataa wazo lenyewe. Kisha miaka ya mwisho ya 1930 zikaja familia zinazomkimbia Hitler, zikashukia Mombasa na kupanda gari la moshi kwenda bara. Mmoja wa watoto wa safari zile, Stefanie Zweig, alikuja kuandika kitabu juu ya maisha yake Kenya, na filamu iliyotokana nacho ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2003.

Lakini tukilifuata gari la moshi lile mpaka Uganda, tutakuta habari yenye maana zaidi. Karibu na Mbale wako Waganda wanaojiita Abayudaya, Mayahudi. Hawakuletwa na meli yoyote. Jemadari wa Kiganda, Semei Kakungulu, aliyewasaidia Waingereza kuitia mkononi Uganda ya mashariki kisha wakamvunja moyo, aliisoma Biblia mwenyewe na akafika kwenye tohara. Akaambiwa hiyo ni ya Mayahudi. Akasema basi sisi ni Mayahudi, akatahiriwa yeye na wanawe mwaka 1919. Mwaka uliofuata alipita mfanyabiashara Myahudi aitwaye Yosefu, akakaa nao kiasi cha miezi sita akiwafundisha kalenda na ibada. Kakungulu alikufa mwaka 1928, jamaa zake wakaendelea.

Halafu akaja Idi Amin, mwaka 1971. Akapiga marufuku ibada yao, masinagogi yakafungwa, wakawa wanasali mafichoni. Wengi wakaacha, wakaingia Ukristo au Uislamu, wakabaki mamia machache tu. Na Amin jina lake lilikuwa la Kiislamu, akitajwa kila mahali kuwa ni rais Muislamu. Tusikwepe hapa. Mtoto wa Kiyahudi wa Mbale wakati ule aliujua Uislamu kwa sura gani? Dini isemayo hakuna kulazimishana ililetwa mlangoni kwake na askari. Amin alipoondolewa Kampala tarehe 11 Aprili 1979, ilikuwa ni mkesha wa Pasaka yao, sikukuu ya kutoka kwa Firauni. Wao wenyewe hawajaisahau sadfa hiyo.

Watu waliopitia hayo wangeweza kujenga ukuta. Mmoja wao, J. J. Keki, mkulima na mwanamuziki, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 akaona kwa macho yake yale majengo yakishambuliwa. Aliporudi Mbale, dunia nzima ikiwanyooshea kidole Waislamu, yeye alikwenda kwa majirani zake Waislamu na Wakristo akawaambia tuuze kahawa yetu pamoja. Mwaka 2004 wakaanzisha chama cha ushirika, wakakiita Mirembe Kawomera, kwa Kiganda "amani tamu". Uongozi ukachanganywa watu wa dini zote tatu. Kahawa yao ikauzwa Marekani kwa bei nzuri kuliko ile waliyokuwa wakipewa na walanguzi, na nyimbo walizotunga juu ya kazi hiyo zikatolewa katika albamu na Smithsonian mwaka 2013. Shule za jamaa hao zinasomesha watoto wa Kiislamu, na kituo chao cha afya kinatibu kila mtu. Rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa mbunge mwaka 2016, na Mayahudi wako kiasi cha elfu mbili tu! Hesabu hiyo yatosha kukuonyesha kura zilitoka kwa nani. Kama ile lulu ya Shimon ilirudi tena duniani, basi nadhani ilirudi katika gunia la kahawa.

RAMADHANI MBILI

Sasa tuje kwenye upande mchungu, kwa sababu somo la kidush lisipofuatwa na la hilul litakuwa ni sifa tupu.

Tarehe 25 Februari 1994 ilikuwa katikati ya Ramadhani. Katika msikiti wa Nabii Ibrahim mjini Al-Khalil, ambao Mayahudi huuita Hebron, Waislamu walikuwa katika sala ya alfajiri. Aliingia Baruch Goldstein, daktari, mtu wa dini mwenye ndevu na ibada zake, akiwa na bunduki ya jeshi, akawamiminia risasi waliosujudu. Aliwaua watu 29. Siku hiyo kwa Mayahudi ilikuwa sikukuu ya Purim. Waziri Mkuu Yitzhak Rabin alisimama bungeni akamkana mbele ya dunia na kusema ni aibu kwa dini yao. Marabi wengi wakamlaani. Lakini wako waliolifanya kaburi lake kuwa mahali pa ziara, mpaka jeshi la Israel lilipobomoa yale mapambo yake mwaka 1999. Na yuko rabi aliyeandika makala ya kumsifu, na sifa ya kwanza aliyompa ni kwamba amelitukuza Jina. Kidush ha-Shem! Neno lile lile la punda na lulu, likavalishwa maiti za watu waliokuwa kwenye sijda.

Mtu akisoma hapo damu huchemka, na ni haki ichemke. Lakini tungoje kidogo tuitazame Ramadhani nyingine.

Tarehe 28 Novemba 2002 ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, zile siku tunazoutafuta Usiku wa Cheo. Asubuhi, Kikambala, kaskazini ya Mombasa, gari lililojaa mabomu lilivunja kizuizi na kulipuka mbele ya hoteli ya Paradise, iliyokuwa mali ya Waisraeli. Karibu wakati huo huo makombora mawili yalirushwa kuielekea ndege ya Israel iliyokuwa inaruka kutoka uwanja wa Moi, yakakosa. Kikambala walikufa watu 13 mbali na wale wenye bomu. Waisraeli watatu, wawili kati yao watoto wa baba mmoja. Wakenya kumi. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wacheza ngoma wa Kigiriama waliosimama mlangoni kuwakaribisha wageni, kama ilivyokuwa kazi yao ya kila siku. Yaani kisasi cha Palestina kililipwa na binti wa Kigiriama.

Waliofanya walidai wamefanya kwa ajili ya Mungu. Na huku kwetu pia neno tukufu, neno la shahada, lilivalishwa maiti.

Viongozi wetu wa dini walilaani, na walifanya vyema. Lakini athari ilibaki kwa miaka. Mwaka 2003 ukaletwa mswada wa sheria ya ugaidi ambao Waislamu tuliupinga kwa kuona kuwa umetulenga sisi, ndege za Uingereza zikasitishwa kwa muda, mahoteli yakapunguza wafanyakazi, na wengi wa waliorudi nyumbani mikono mitupu walikuwa Waislamu wa pwani hii hii. Vijana wakakamatwa, wengine bila ya hatia. Hayo yote tuliyalalamikia na tulikuwa na haki. Lakini kwenye baraza nyingi nilizokaa nimesikia habari za mswada mara mia, na za wale wacheza ngoma labda mara moja. Hili ndilo linalonikera. Mama wa Kigiriama kule Kikambala alilisikia Jina la Allah vipi asubuhi ile?

Wako watakaosema: kuyataja haya hadharani ni kuwaaibisha Waislamu, aibu ya nyumbani isitoke nje. Na Mayahudi wana ugonjwa huo huo. Kwao pia wako waliokaa na dhulma ndani ya jamii, mwalimu aliyewaumiza watoto, tajiri aliyekula mali ya watu, wakasema tunyamaze ili Jina lisinajisike. Basi sheria yao wenyewe inawajibu, kwani marabi walisema panapokuwa na kunajisiwa kwa Jina, hata rabi hapewi heshima yake. Yaani kusema ndiyo kulilinda Jina. Sisi tunayo An-Nisaa aya ya 135: tusimamishe uadilifu tukiwa mashahidi wa Allah, hata kama ni juu ya nafsi zetu, wazazi na jamaa.

Mji huu ulikuwa na mtu aliyeishi kwa aya hiyo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, alitoa karatasi yake As-Sahifa mwaka 1930, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliandika humo juu ya Waislamu wa Mombasa bila kupaka mafuta: israfu ya harusi na matanga, uvivu, kupuuza kusomesha watoto. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba unyonge wa Waislamu haukuletwa na Uislamu, umeletwa na kuuacha, na kwamba anayetutazama kutoka nje hawezi kuitofautisha dini na hali yetu. Bila shaka wako waliokereka. Lakini ndiye aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, mpaka alipofariki mwaka 1947.

Kazi ya namna hiyo Mayahudi pia wanayo watu wake. Vita vya Gaza vilivyoanza Oktoba 2023, baada ya Hamas kuua watu wapatao 1,200 ndani ya Israel, vimeua makumi ya maelfu ya Wapalestina, na serikali iliyovipiga hujiita dola ya Mayahudi. Tarehe 27 Oktoba 2023, Ijumaa jioni, Sabato inaingia, maelfu ya watu, wengi wao Mayahudi, waliingia kituo kikuu cha reli cha New York wamevaa fulana nyeusi zilizoandikwa kwamba mambo haya yasifanywe kwa jina letu. Mishumaa ya Sabato ikawashwa hapo. Polisi wakawakamata mamia. Mayahudi wenzao wengi wamewaita wasaliti, na mjadala baina yao ni mkali kuliko tunavyodhani sisi kutoka barazani. Kila upande wasema mwenzake ndiye anayelinajisi Jina.

Mimi upande wangu katika mjadala huo waujua, ndugu msomaji, sina haja ya kuuficha. Ninachokataa ni mizani mbili. Tukitaka dunia isimhesabu kila kijana wa Kibokoni kuwa ndiye aliyeendesha lile gari la Kikambala, basi nasi hatuwezi kumhesabu kila Myahudi kuwa ni Goldstein. Anayesema "hao wote ni wamoja" amesema jambo ambalo Qur'ani imelikanusha kwa maneno. Na Mtume wetu (S.A.W.) alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoambiwa ni la Myahudi akawauliza kama hiyo si nafsi. Alipofariki, deraya yake ilikuwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri ya watu wa nyumbani kwake. Madina ilikuwa na Waislamu wenye mali, naye akakopa kwa Myahudi. Lazima huyo jirani alijulikana kuwa mtu wa kuamiliana naye.

Na kuna Mukhayriq. Wanasira, akiwemo Ibn Ishaq, wasimulia kwamba alikuwa mwanachuoni tajiri wa Kiyahudi pale Madina. Siku ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, aliwaambia watu wake kwamba wanajua wazi wana wajibu wa kumsaidia Muhammad. Wakamwambia leo ni Sabato. Akawajibu kuwa hawana Sabato, akachukua upanga wake, akausia kwamba akiuawa mali yake yote iwe ya Mtume, akatoka akapigana mpaka akauawa. Wanazuoni wamekhitalifiana kama alikuwa amesilimu au la. Riwaya mashuhuri ni kwamba Mtume (S.A.W.) alimsifu kuwa ndiye mbora wa Mayahudi. Mali aliyoiacha ilikuwa bustani saba za mitende, na katika vitabu vinavyoeleza wakfu za mwanzo za Uislamu hapo Madina, bustani hizo zimetajwa.